Theluji ya Mwisho wa Mvua Mlimani: Yatabirika Vipi, na Yamwambia Nini Mkulima?

Somo la mwezi huu ni juu ya kitu ambacho wengi wetu katika skimu zinazouzunguka Mlima Kenya hukiona kila tunapofungua mlango asubuhi, lakini hatukipimi. Kitu hicho ni ule weupe ulio kileleni. Siku nyingine ni mdogo kama leso. Siku nyingine, hasa mvua ndefu zinapokaribia kwisha, mlima huamka umevaa shuka nyeupe mpaka mabegani, na watu husimama njiani wakiutazama. Kisha kila mmoja hutoa tafsiri yake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Mwaka mmoja, mwanzoni mwa Juni, mvua ilikuwa imekatika siku tisa katika skimu yetu, iliyo upande wa magharibi wa mlima. Nasema siku tisa kwa hakika, kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma chombo cha kupimia mvua kila siku saa tatu asubuhi, nami niliandika sufuri mara tisa katika daftari ya ofisi. Asubuhi ya kumi mlima ulikuwa mweupe mpaka chini kabisa ya majabali. Mzee mmoja aliyekuja kuulizia mbolea akanigeukia, "Karani, mvua imerudi?" Nikautazama mlima, nikamjibu kama mtu ajuaye, "Imerudi, mzee. Huoni theluji ile?"

Mzee huyo alikuwa amebakiza magunia mawili ya mbegu za viazi, na alikuwa akisitasita. Kwa neno langu alizipanda siku ile na ya pili yake, katika kipande cha bondeni. Mvua haikurudi. Viazi vilichipuka kwa unyevu uliosalia ardhini, na usiku mmoja wa Julai vikaungua kwa jalidi. Hakunigombeza. Alinijia ofisini na shina moja lenye majani meusi, akaliweka mezani juu ya daftari yangu ya mvua, akakaa kimya. Tangu siku hiyo nimejifunza habari ya theluji kwa bidii kuliko nilivyojifunza somo lolote chuoni.

Kwanza tutenganishe vitu vitatu vyeupe, maana watu huvichanganya. Theluji ni maji ya mawinguni yaliyoganda huko huko juu yakawa chembe nyepesi, zikashuka polepole kama unga. Mvua ya mawe ni matone yaliyorushwa juu na chini ndani ya wingu kubwa la radi, yakaganda tabaka juu ya tabaka, yakaanguka kwa kishindo. Jalidi haianguki kabisa: ni unyevu wa hewa ulioganda papo hapo juu ya majani usiku, wakati majani yenyewe yamepoa kupita hewa iliyo juu yake.

Mwanzoni mwa Septemba 2008, huko Busara karibu na Nyahururu, ardhi ilifunikwa na weupe mzito, na watu wengi wakaja kuushangaa na kuushika kwa mikono. Habari zikaenea kwamba theluji imeanguka mashambani. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe, iliyoanguka kwa wingi ikashikamana. Ukilifuata somo hili mpaka kwenye hesabu, utaona mwenyewe kwa nini theluji ya kweli haiwezi kufika Nyahururu, lakini mawe yanaweza.

Basi, kwa nini mlima ulio hapa kwenye Ikweta una theluji? Jambo hili liliwashinda watu wakubwa. Mwaka 1849 mmisionari Krapf aliuona mlima huu kutoka Kitui, akaandika kwamba una theluji. Mabwana wengine wa jiografia waliokuwa Uingereza, wakikaa katika vyumba vyao vya kusomea, walikataa kuamini. Watu wa hapa waliokuwa wakiuona tangu vizazi hawakuulizwa.

Sababu ni urefu tu. Kilele cha Batian kina mita 5,199 juu ya bahari, yaani futi 17,057. Nelion ina mita 5,188, na Lenana, ambako wapandaji wengi hufika, ina mita 4,985. Hewa hupungua joto jinsi unavyopanda. Wakati wa mawingu na mvua hupungua kiasi cha digrii 6 kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo mahali fulani juu ya kichwa chako, hata saa tisa alasiri, pana mstari ambapo joto ni sufuri. Juu ya mstari huo maji huganda. Katika nchi yetu mstari huo mara nyingi huwa karibu na mita 4,700, hupanda kidogo na kushuka kidogo. Mvua inyeshayo juu yake ni theluji. Ikishuka chini yake huanza kuyeyuka, lakini haiyeyuki mara moja: chembe zaweza kufika chini ya mstari kwa mita 200 au 300 kabla ya kuwa maji.

Hapa ndipo hesabu yetu inapoanza, na mtoto wa darasa la sita anaweza kuifanya. Unahitaji kipimajoto kilichotundikwa kivulini, mahali penye hewa, na kujua urefu wa shamba lako juu ya bahari. Kama huujui, muulize afisa wa kilimo, au kijana mwenye simu inayoonyesha urefu. Chagua alasiri yenye mawingu mazito na mvua. Tuseme shamba lako liko mita 2,200, na kipimajoto kinaonyesha digrii 15. Gawanya 15 kwa 6, upate 2 na nusu. Hiyo ni kilomita mbili na nusu, yaani mita 2,500. Jumlisha na 2,200. Mstari wa kuganda uko karibu na mita 4,700. Theluji itaanguka kwenye vilele na kushuka mpaka kama mita 4,400 au 4,500.

Sasa tuseme ni alasiri nyingine, mvua inanyesha na kipimajoto kimeshuka mpaka 12. Gawanya kwa 6, upate 2, yaani mita 2,000. Jumlisha na 2,200. Mstari umeshuka mpaka mita 4,200, na theluji inaweza kufika karibu na mita 4,000 au chini yake kidogo. Asubuhi yake, mlima ukifunuka, ndipo utaiona ile shuka ndefu inayowashangaza watu. Digrii tatu tu shambani zimeshusha theluji mita mia tano mlimani.

Tahadhari moja kubwa. Usifanye hesabu hii kwa joto la alfajiri. Usiku hewa baridi hutelemka mabondeni ikalala kama maji katika karai, na kipimajoto chako huonyesha baridi ya karai hiyo, si ya hewa yote mpaka mlimani. Ukiifanya alfajiri kwa digrii 6, hesabu itakuambia kwamba theluji iko mita 3,200, ndani ya msitu, na majirani watakucheka.

Urefu wa mstari ni nusu ya utabiri. Nusu ya pili ni kujua kama kitu chochote kitaanguka. Baridi peke yake haileti theluji. Lazima pawe na wingu lenye maji, na wingu hilo lifike kileleni.

Hapa mlima una desturi yake ya kila siku, nayo yafaa kukaririwa. Alfajiri mara nyingi vilele viko wazi. Jua likishika miteremko, hewa huanza kupanda kutoka mashambani na misituni, na kati ya saa tatu na saa tano asubuhi mawingu hufunga kilele. Mvua na theluji huanguka zaidi alasiri na jioni. Usiku hewa hugeuka, hutelemka kutoka mlimani, mawingu hutawanyika, na asubuhi unaona kazi iliyokwisha kufanyika. Kwa hiyo theluji uionayo saa kumi na mbili asubuhi ni habari ya jana. Hilo ndilo nililolisahau siku ile mbele ya mzee. Nilisoma gazeti la jana nikalitangaza kama la kesho.

Katikati ya mvua, Aprili kwa mfano, hakuna utabiri wa kujivunia: karibu kila alasiri mvua inyeshapo vileleni, theluji huanguka. Ugumu uko mwisho wa msimu. Mwishoni mwa Mei mkanda mkubwa wa mvua huhama kwenda kaskazini, na pepo za kusini-mashariki hutulia nchini. Huu ni mwanzo wa miezi ya baridi ambayo sisi huku huiita Gathano. Anga hujaa mawingu ya kijivu, manyunyu huanguka Nyeri na Karatina, na watu hutembea na makoti mpaka saa sita mchana. Mtu yeyote angedhani kwamba baridi kama hiyo lazima ilete theluji nyingi mlimani.

Sivyo. Mawingu ya Gathano ni mapana lakini ni mafupi. Yamelala chini kama blanketi, na mara nyingi mgongo wake haufiki vileleni. Aliye juu ya blanketi huona jua kali na mbingu ya samawati, huku mashamba yote yamefichika chini yake. Manyunyu shambani mwezi wa Juni au Julai hayamaanishi theluji kileleni. Huenda kilele ni kikavu kabisa, nawe hukioni.

Theluji ya mwisho wa msimu huja kwa njia nyingine. Siku chache pepo za kusini-mashariki hulegea, na unyevu hufika kutoka magharibi, upande wa Bonde la Kongo na Ziwa Victoria. Hizi ndizo pepo zinazowapa wenzetu wa Nyahururu mvua yao ya Julai na Agosti. Dalili zake ni wazi kwa mwenye kutazama. Asubuhi huwa safi na yenye jua, si ya kijivu. Kabla ya saa sita mawingu huanza kukua kwenda juu, kama minara au vichwa vya koliflawa, badala ya kutandaa. Alasiri radi husikika, upepo wa ghafula hutoka upande wa mvua, na joto huanguka digrii tano au sita katika muda mfupi. Siku kama hiyo wingu lina urefu wa kutosha kukivuka kilele. Kama hesabu yako ya kipimajoto baada ya upepo huo kutulia yaonyesha mstari chini ya mita 4,500, na mvua inaendelea kwa saa moja au zaidi, waweza kuwaambia watu wa nyumbani kwamba kesho mlima utakuwa mweupe. Mimi nimefanya hivyo miaka kadhaa sasa. Siku nyingine nimekosa, lakini sikosi kama zamani.

Usisahau redio. Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa hutoa utabiri wa kila siku, wa siku saba, wa mwezi na wa msimu mzima, na kila kaunti ina ofisi yake ya hali ya hewa. Hawatakuambia theluji itafika jiwe gani, lakini watakuambia kama ngurumo na mvua zinatarajiwa katika nyanda za juu. Linganisha neno lao na mawingu yako. Kwa siku moja au mbili mbele, vitu hivyo viwili pamoja vinasaidia sana. Kwa wiki mbili mbele, mtu akikuambia tarehe ambayo theluji itaanguka, mpe chai umwache aende zake.

Jambo jingine la kuangalia ni theluji hudumu muda gani. Jua la Ikweta ni kali, na theluji mpya iliyo chini ya mita 4,500 mara nyingi huisha kabla ya adhuhuri. Tena mwezi wa Juni jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo wanaoutazama mlima kutoka Timau huona theluji ikiyeyuka mapema, na walio upande wa Nyeri huiona ikikaa katika kivuli cha kusini. Mwishoni mwa mvua fupi, Desemba, mambo hugeuka: jua liko kusini, na upande wa kaskazini ndio unaohifadhi. Watu wawili wa skimu mbili waweza kubishana juu ya theluji ya siku moja, na wote wawili wakawa wa kweli.

Wala usichanganye theluji mpya na barafu ya kudumu. Mackinder alipofika kileleni mwaka 1899, mito ya barafu kumi na minane ilihesabiwa mlimani. Leo mingi imetoweka. Ule wa Gregory umekwisha, na ule mkubwa wa Lewis umepungua hata ukakatika vipande. Mwaka 2022 shirika la UNESCO lilitangaza kwamba barafu yote iliyobaki milimani katika Afrika inatarajiwa kuwa imekwisha ifikapo mwaka 2050. Theluji mpya itaendelea kuanguka siku za baridi na mvua, lakini haitapata barafu ya kuilalia.

Hapa wengi huuliza, "Je, mito yetu itakauka barafu ikiisha?" Swali ni zuri, na jibu lake linagusa mfereji wa kila mtu. Katika nchi za baridi theluji ni ghala la maji. Magharibi ya Marekani theluji hulundikana milimani miezi mingi, kisha huyeyuka wakati wa kupanda, na wakulima huishi kwa maji hayo. Tangu karibu mwaka 1906, mwalimu mmoja wa lugha za kale aitwaye James Church alikuwa akipanda Mlima Rose huko Nevada na bomba refu, akilichomeka katika theluji na kulipima uzito, ili ajue maji mangapi yatashuka mtoni. Huko theluji ya mwisho wa msimu yaweza kubadilisha hesabu ya mwaka mzima, na kuitabiri ni kazi ya serikali.

Ukisoma kitabu cha nchi hizo, utadhani nasi tuko hivyo. Hatuko. Theluji yetu huanguka jana na kuyeyuka leo; haijengi ghala. Maji ya Naro Moru, Burguret, Nanyuki, Sirimon na Ontulili yanatoka zaidi katika mvua iliyonyesha msituni na katika nchi ya majani iliyo juu ya msitu, ikanywewa na udongo wake mweusi na matope yake, ikatolewa polepole. Barafu huongeza kidogo tu. Kwa hiyo mlima mweupe mwezi wa Juni si ahadi kwamba mfereji utajaa Agosti. Kama kamati yenu ya maji inapanga zamu za kiangazi, ipange kwa kipimo cha mto na kwa mvua iliyoandikwa daftarini. Na anayechoma moto msitu wa juu anawanyima maji wakulima kuliko asubuhi kumi zisizo na theluji.

Vivyo hivyo na kupanda. Theluji ya mwisho wa mvua inakuambia kwamba wingu refu lilipita juu ya mlima jana alasiri. Haisemi kama jingine linakuja. Kabla ya kuweka mbegu ardhini mwezi wa Juni, tazama udongo, usitazame kilele. Chimba kwa jembe mpaka kina cha futi moja, chukua udongo wa chini, ukaze mkononi. Ukishikamana na kuacha unyevu katika kiganja, kuna akiba kidogo. Ukivunjika kama majivu, mbegu yako inakwenda kutafuta maji yasiyokuwapo. Kisha uliza utabiri wa Juni mpaka Agosti kwa eneo lako, maana Laikipia ya magharibi na Nyandarua huwa na mvua ya katikati ya mwaka, lakini mashamba mengi ya Kieni hayana ya kutegemea. Viazi vinataka unyevu miezi mitatu na zaidi. Theluji ya asubuhi moja haiwezi kuvilisha.

Sasa tuje kwenye jalidi, maana ndiyo iliyomtia hasara yule mzee. Wengine husema, "Theluji ikishuka chini mlimani, jalidi inafuata." Kuna kweli ndani yake, lakini si kwa sababu theluji inatuma baridi. Theluji ikishuka chini ni ushahidi kwamba hewa ya juu ni baridi kuliko kawaida. Kama baada yake anga inakauka, mawingu yanaondoka jioni na upepo unakufa, ardhi hutoa joto lake lote kwenda juu bila kizuizi, na majani hupoa mpaka kuganda. Wingu likibaki usiku, jalidi haiji hata mlima ukiwa mweupe kiasi gani. Tena jalidi yaweza kuja pasipo theluji yoyote. Januari 2012 majani chai mengi yaliungua kwa jalidi huko Kericho na Nandi, na wenyeji wa huko hawana mlima wa theluji wa kuutazama. Kinangop na Ol Kalou wanaijua sana Januari na Februari, wakati usiku ni mkavu na nyota zinang'aa.

Basi tabiri jalidi kwa ishara zake yenyewe. Jioni, baada ya jua kutua, toka nje. Kama mbingu ni wazi mpaka ukingoni, moshi wa jikoni unapanda wima, hewa ni kavu, na kipimajoto saa mbili usiku kimekwisha kushuka chini ya digrii 8, jihadhari katika mabonde. Kama mchana uliotangulia mlima ulikuwa na theluji ya chini, jihadhari zaidi.

Kinga nyingi hufanywa kabla, si usiku wenyewe. Hewa baridi ni nzito, nayo hutelemka kama maji. Mahali ambapo maji ya mvua yangesimama, hapo ndipo baridi itasimama. Usipande viazi, maharagwe wala nyanya katika kishimo hicho. Kiachie nyasi za ng'ombe. Kama ua wako wa miti umefunga upande wa chini wa shamba, unaizuia baridi isitoke. Kata mwanya wa hatua tatu au nne, nayo itapita kwenda mtoni. Mchana wa kabla ya usiku wa hatari, kama una zamu ya maji, lowesha udongo: udongo wenye maji hushika joto la jua na kulirudisha usiku. Miche funika kwa magunia au majani makavu yaliyoinuliwa kwa vijiti, na ufunue jua likichomoza. Lakini majani makavu mazito yaliyotandazwa chini ya mimea, ambayo sisi wenyewe tumewafundisha kutandaza ili kuhifadhi unyevu, hufunga joto ardhini lisiifikie mimea. Usiku wa jalidi mimea iliyo juu ya matandazo huumia kuliko iliyo juu ya udongo mtupu. Yasogeze kando ya mistari wakati wa hatari. Najua si kazi ndogo.

Na mmea ukiungua, usiukate siku hiyo. Ngoja wiki moja au zaidi. Mara nyingi viazi huchipuka tena kutoka chini, na ukikata haraka utakata na sehemu iliyo hai.

Nina neno pia kwa wazazi ambao vijana wao hupanda mlima kama wapagazi. Katika skimu zilizo karibu na Naro Moru, mzigo wa mgeni ndio unaolipa karo ya shule nyumba nyingi, na hapo utabiri wa theluji si mchezo wa daftari. Kambi ya Mackinder iko karibu na mita 4,200. Rudi kwenye hesabu yetu: kipimajoto cha nyumbani kikiwa 15 wakati wa mvua, theluji iko juu ya kambi. Kikiwa 12, inaangukia kambini kwenyewe, na njia ya kwenda Lenana saa nane usiku itakuwa imefunikwa, na mawe yake yana utelezi. Wageni huja na viatu na makoti yao. Kijana wako huenda na gambuti na sweta. Mwishoni mwa Mei, na tena mwishoni mwa Desemba, watu hudhani mvua imekwisha na huacha nguo nzito nyumbani. Mwambie achukue koti la mvua, soksi kavu zilizofungwa katika plastiki, na glavu, hata kama asubuhi ya kuondoka mlima uko wazi kama kioo. Asubuhi wazi yenye mawingu ya minara kabla ya saa sita ndiyo ile niliyoieleza. Radi ikisikika akiwa kwenye uwazi juu ya msitu, asikae mgongoni mwa kilima wala chini ya jabali lililosimama peke yake.

Ukitaka kujifunza zaidi, fungua daftari ya kurasa arobaini. Kila asubuhi kabla ya saa moja andika tarehe, kama kilele kinaonekana, na theluji imefika wapi. Usiandike "nyingi" au "kidogo". Chagua alama tatu mlimani zinazoonekana kutoka mlangoni pako, kwa mfano jabali fulani, tuta fulani, na mwanzo wa majani, uandike theluji imefika alama gani. Alasiri saa tisa andika joto, aina ya mawingu, na upepo unatoka wapi. Saa mbili usiku andika kama nyota zinaonekana. Ukifanya hivyo toka katikati ya Mei mpaka mwisho wa Julai, utakuwa na kitu ambacho hakuna ofisi inayo: habari ya shamba lako mwenyewe. Mvua fupi zaweza kufurika mno, kama zilivyofanya mwaka 1961, 1997, 2019 na 2023, na mwenye daftari ya miaka kadhaa ndiye ajuaye kama mwaka ulio mbele yake ni wa kawaida au la.

Mwisho, maswali matatu ya darasa la jioni. Jibuni pamoja kabla ya kusoma majibu.

La kwanza: shamba liko mita 2,400. Ni saa tisa alasiri, mvua inanyesha kwa ngurumo, kipimajoto ni 12. Theluji itafika wapi?

La pili: ni tarehe 20 Julai, manyunyu yanaanguka tangu asubuhi, kipimajoto ni 11, mlima hauonekani. Je, kuna theluji kileleni?

La tatu: ni tarehe 10 Juni. Mlima umeamka mweupe mpaka alama yako ya chini kabisa. Udongo wa kina cha futi moja umevunjika mkononi kama majivu. Jirani anapakia mbegu za viazi kwenye mkokoteni, na anakuita umsaidie.

Majibu. La kwanza: mstari uko mita 4,400, na theluji itashuka mpaka kama 4,100 au 4,200. La pili: hesabu haifai hapa, kwa kuwa mawingu ya manyunyu huenda hayafiki kileleni, ngoja mlima ufunuke. La tatu: mwombe jirani ashushe magunia, mwende pamoja na jembe mkachimbe katika shamba lake, naye akaze udongo kwa mkono wake mwenyewe.